Simu Iliyomjibu Baba

Mwaka ule nilikuwa nalipwa kuzungumza na simu. Kampuni moja kubwa ya ng'ambo, ambayo siitaji kwa kuwa mkataba ulinikataza, ilikuwa inaandaa mfumo mpya wa kuendeshea simu zake zote. Ndani ya mfumo huo walikuwa wametia kitu ambacho hakikuwapo kabla: simu ingesikiliza Kiswahili na kukiandika papo hapo kwa herufi kubwa kwenye kioo. Mtu asiyesikia angeishika mbele ya anayezungumza, akasoma. Wakatafuta watu wa kuijaribu waliokulia ndani ya Kiswahili, nami nikapatikana, kwetu Msambweni, chumba cha nyuma, dirisha linalotazama banda la kuku.

Kazi haikuwa na maajabu. Nilizungumza, simu ikaandika, nikatazama ilipokosea, nikaripoti. Walituomba tuitumie ile simu ya majaribio kama simu yetu wenyewe, twende nayo sokoni, tuiache jikoni, tuwape wazee waizoee. Nilikwenda nayo mpaka Ukunda kwa mafundi wa simu, nikaiweka mezani wakati watu wa bara wanabishana na watu wa pwani, na ikaandika vizuri kuliko nilivyotarajia. Matusi iliyaandika bila hata kosa moja.

Ilinifaa kazi ile kwa sababu haikutaka moyo. Nilikuwa na ganzi. Sijui ilianza lini, na watu wanaotaka kisa huvunjika moyo nikiwaambia hapakuwa na kisa. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniacha. Niliamka, nikasali, nikala, nikafanya kazi, na vyote vilikuwa na ladha ya chakula kilichokosa chumvi, nami sikuwa na haja ya kuiomba. Mama aliita uvivu. Shangazi mmoja akasema ni kijicho, akaleta kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, ninywe, nikanywa.

Baba ndiye aliyeifurahia ile simu. Alikuwa fundi wa mashine za boti kule Shimoni tangu ujana wake, na mashine zile zilimla masikio taratibu mpaka hakikubaki kitu. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila kupigiwa kelele hakupenda. "Mimi kiziwi, si mjinga," alikuwa akisema, na mpiga kelele akanyamaza. Midomo ya mama aliisoma kwa sababu ya miaka. Midomo yangu ilimshinda. Nilikuwa nazungumza kwa kufungua mdomo kidogo tu, na aliwahi kuniambia kwamba maneno yangu hayana sura. Nilipompa ile simu na kumwonyesha aishike vipi, alikaa nayo barazani mchana kutwa akiwasoma wapita njia. Nilimfundisha jambo moja zaidi, kwa sababu ndivyo maelekezo yalivyosema: asimtazame msemaji, akitazame kioo.

Wakati huohuo ikaja posa kutoka Matuga. Kijana mwenyewe alikuwa afisa wa kilimo, mpole, viatu safi hata wakati wa masika. Tulikalishwa sebuleni tuonane, mama akiwa mlangoni. Aliniuliza kama napenda mbaazi za nazi. Nilimwambia napenda. Akasema na yeye pia, tukabaki na hilo. Kila mtu alitoka akiwa radhi, hata mimi sikuwa na neno baya juu yake, na sikuwa na neno zuri vilevile. Nilijipekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na sikukuta kitu.

Kwetu binti akitakwa idhini ya kuozwa, akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni ridhaa. Husemwa kwamba haya ndiyo inayomfunga ulimi. Wazee wengi huona hivyo inatosha, na wengine hupendelea hivyo hasa. Baba hakuona hivyo. Alipokuja kuolewa mama, babu yangu alimwuliza, mama akanyamaza, watu wakasema alhamdulillahi na pilau ikapakuliwa. "Tumeishi vizuri," baba aliniambia siku moja akiwa anasugua grisi mikononi, "lakini mimi mpaka leo sijui kama mama yako alinitaka. Na sasa siwezi kumwuliza. Ataniona nimekuwa mtoto." Akaapa kwamba binti yake hataozwa kwa kimya. Atatamka.

Alikuja kuniuliza siku moja baada ya sala ya alasiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, feni imesimama, friji imenyamaza, hata kuku walikuwa wamelala vumbini. Baba alikaa kwenye kiti changu cha kazi, mimi kitandani. Ile simu ya majaribio alikuwa ameishika mkononi kwa adabu, kama anavyoshika msahafu.

"Mwanangu," akasema, "kijana wa Matuga nimwambie baba yake aje tufunge ndoa? Nakutaka neno. Kimya sikipokei."

Akanielekezea simu, akainamisha macho kwenye kioo.

Nililitafuta neno. Nataka hili lieleweke, kwa sababu walionisikia nikilisimulia hudhani nilikuwa nimeificha hapana. Sikuwa na hapana. Sikuwa na ndiyo. Nilikuwa na swali la baba limesimama mbele yangu na sehemu ya kulijibia ilikuwa tupu. Nikamtazama utosini, nywele zilivyopungua. Mdomo haukufunguka.

Kisha nikaona uso wake umebadilika. Aliinua kichwa, machozi yanamlengalenga, akanishika kichwani akaniombea dua ndefu, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyesikia anavyosema. Aliponirudishia simu nikasoma. Chini ya swali lake ilikuwa imeandikwa: *Ndiyo, baba. Nimekubali.*

Mwanzo nilidhani nimesema. Mtu mwenye ganzi hajiamini hata kwa jambo kama hilo. Lakini zile simu za majaribio zilihifadhi sauti, nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza. Kulikuwa na sauti ya baba ikiuliza. Baada yake hapakuwa na kitu chochote, si pumzi wala kikohozi. Halafu dua.

Baba alikuwa ameshatoka. Nilimsikia uani akimwambia mama, na mama akapiga kigelegele kifupi cha majaribio, kisha akakumbuka majirani hawajaambiwa.

Nikafanya nililolijua. Niliandika ripoti. Niliandika kwamba swali limeulizwa, msemaji wa pili hakujibu, na mfumo umeandika jibu kwa niaba yake. Sikueleza swali lilikuwa la nini. Muda wa majaribio ulikuwa unakwisha na siku ya kuutoa mfumo ilikwishatangazwa duniani, kwa hivyo sikutarajia kwamba mtu ataisoma.

Kesho yake alinipigia msimamizi wetu kutoka Nairobi, kijana mwenye haraka.

"Hii kitu umeandika, uko sure haukusema kitu? Hata 'mm'?"

"Sikusema kitu."

"Labda ulisema chini chini."

"La, kaka. Sauti unayo, isikilize."

"Nimeisikiza," akasema. "Ndio maana nakuuliza. Unaweza kuifanya irudie?"

Ndivyo kazi yetu ilivyo. Kasoro isiyorudiwa hakuna anayeiamini, kwa hivyo ikanibidi nikae nikinyamaza kwa makusudi. Nilizima feni, nikachomoa friji, mama akalalamika juu ya samaki. Nikawafukuza kuku. Nikasubiri adhana iishe. Kisha nikaiweka simu mbele yangu na kuuliza kwa sauti yangu mwenyewe: "Kijana wa Matuga nimwambie baba yake aje tufunge ndoa?" Nikanyamaza.

*Ndiyo. Nimekubali.*

Nikauliza tena. *Ndiyo, asante.* Nikauliza kama nataka chai, nikanyamaza, ikaandika kwamba ndiyo, nataka. Nikauliza kama mimi ndiye niliyemuua paka wa jirani. Nikanyamaza. Ikaandika: *Ndiyo, samahani.* Hapo nilicheka, na kicheko changu ikakiandika kwa uaminifu kabisa. Nilipowasha feni ikaacha ujinga wote, ikangoja na kuacha nafasi wazi. Ilikuwa inajaza maneno mahali palipo kimya kabisa tu. Wenzangu waliijaribu sokoni, stendi, nyumba zenye redio. Hakuna aliyekaa nayo mahali ambapo hapakuwa na sauti ya kitu chochote.

Wataalamu walieleza baadaye, kwa lugha ambayo msimamizi alinipunguzia ugumu wake. Simu ilikuwa imefundishwa kwa mazungumzo mengi sana ya watu, na katika mazungumzo hayo swali hufuatwa na jibu. Ilipokosa sauti ya kushika, iliweka lile ambalo kwa kawaida hufuata. Haikudanganya, alisema, ilikisia.

Maelekezo yalitaka pia tujaribu upande wa pili, kuhakikisha kwamba neno likitamkwa huandikwa sawa. Nikauliza lile swali la Matuga na kujibu: "Hapana." Simu ikaandika *Hapana.* Nikalitazama lile neno kwenye kioo, nikingoja linifanye nijisikie vipi. Halikunifanya kitu. Lilikuwa limeandikwa vizuri tu. Nikalituma pamoja na mengine.

Haukupita muda mrefu wakatangaza kwamba mfumo mpya umeahirishwa kwa sababu ya kasoro iliyogunduliwa mwishoni. Hawakusema kasoro gani kwa undani, ila ndani walikuwa na hofu ya kweli. Mmoja wao aliuliza ingekuwaje muuguzi asiyesikia amwulize mgonjwa aliyezimia kama maumivu yamepungua. Watu mitandaoni walitukana. Ukunda, vijana wa duka la simu niliowazoea walikuwa wamewaambia wateja wasubiri mfumo huo, sasa wanaulizwa wao. Msimamizi alinipigia akiwa na furaha ya ajabu.

"Umesimamisha dunia, wewe," akasema. "Hiyo release nzima imeshikwa juu yako."

Nilimshukuru. Nilipokata simu nilimsikia mama sebuleni akipanga na shangazi kuhusu mchele, kwamba wa dukani hauchambuki na wa Vanga ni bora. Khanga zilikuwa zimeshanunuliwa. Baba alikwishakwenda Matuga na kurudi, na siku ilikwishapangwa. Kule kwenye kampuni watu wenye mamilioni ya simu za kutoa walikuwa wamesema ngojeni kwanza, kuna jibu hapa halikutolewa. Kwetu hakuna aliyesema hivyo, kwa sababu hakuna aliyejua ila mimi.

Kwenye ile ripoti palikuwa na swali la mwisho, kasoro imemwathiri nani. Nilikuwa nimejaza kwamba imewaathiri watu wasiosikia. Kwa siku kadhaa lilinikaa hilo. Wasiosikia hawakuwa wameathirika, mfumo hawakuwa nao bado. Aliyeathirika alikuwa mtu mmoja, na alikuwa uani anafungua mashine ya feni. Ningependa kusema ujasiri ulinijia. Ilikuwa mazoea ya kazi, basi. Aliyepewa taarifa isiyo sahihi huambiwa.

Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: *Baba, siku ile simu ilijiandikia yenyewe. Mimi sikusema kitu.* Nikamwekea mbele yake, juu ya vyuma.

Alifuta mikono kwanza. Akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Simu?" akauliza. "Ilijiandikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na wewe ulinyamaza."

Nikaitikia.

Akanigeukia mzima mzima, akaniangalia mdomoni, si kwingine. "Basi sema sasa," akasema. "Nakuona."

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilifungua mdomo na pumzi ikatoka peke yake. Akanipa kalamu na ile karatasi, nikaishika kalamu mpaka mkono ukatoka jasho, na sikuandika. Nikapandisha mabega. Ndilo jibu pekee la kweli nililokuwa nalo, na halikuwa jibu.

"Wazungu wamesimamisha simu zao?" akauliza baada ya muda. "Zote?"

Nikaitikia.

"Kwa kuwa wewe hukusema."

Nikaitikia. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo puani.

"Haya. Nitakuuliza tena siku yenyewe, mbele ya mashahidi. Ukisema hapana nitawarudisha watu wa Matuga kwao, na wali wao nitawafungia. Unanisikia?" Alipolisema hilo aliona haya kidogo, yeye kuniuliza mimi kama nasikia. Akarudi kwenye feni.

Nilimwamini. Naamini mpaka leo kwamba alimaanisha kila neno.

Siku hiyo hiyo nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anakuna nazi. Nikamwuliza, siku ile babu alipokutaka idhini ukanyamaza, ulikuwa unasema nini.

Mama alifikiri, mbuzi ya nazi imesimama. "Nilikuwa naumwa na jino," akasema. "Shavu limenivimba hivi. Ningefungua mdomo ningelia."

"Na kama jino lisingekuuma?"

"Lingeniuma lingine," akasema, akaendelea kukuna. Nikachukua kifuu nikamsaidia kukomba.

Siku ya harusi nyumba ilijaa tangu alfajiri. Nilisingwa mwili kwa manukato, nikapakwa hina, nikavishwa, na watu walinisifu kwa utulivu. Shangazi mwenye kombe alisema dawa yake hiyo. Nilikuwa nimekaa kitandani katika chumba changu cha kazi, meza imefunikwa khanga, waya za umeme zimesukumwa chini. Msimamizi alikuwa ameniandikia asubuhi kwamba mafundi bado wanahangaika, kwamba kila wakiiziba kasoro hapa inatokea pale, na kwamba tarehe mpya haijapatikana. Hawatoi mpaka iwe sawa. Nilimjibu kwamba leo nina shughuli.

Ikasemwa wanawake watoke, walii wangu, ndiye baba, anakuja na mashahidi. Wakatoka, wakasimama nje ya mlango wakisikiliza. Baba akaingia kwa kanzu mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Nyuma yake ami yangu, mdogo wake baba, na jirani yetu mwenye duka la vyakula. Baba hakuja na simu. Alivuta kiti, akakaa karibu nami mpaka magoti yetu yakagusana, na akaniangalia mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "unaniidhinisha nikuoze kwa kijana huyu wa Matuga, kwa mahari tuliyokubaliana? Nakutaka neno."

Nyumba nzima ilinyamaza. Hata masufuria nje yalinyamaza. Ulikuwa ule ukimya nilioutafuta nikifukuza kuku, na sasa umekuja wenyewe.

Nikalitafuta neno mahali pale pale, na pale pale palikuwa patupu. Nilijua nikisema hapana atawarudisha watu. Nilijua nikisema ndiyo atalia. Nilitaka nimpe mojawapo, lolote, kwa ajili yake tu, na ndipo nilipohisi kitu kwa mara ya kwanza katika miezi mingi: nilimwonea huruma. Lakini huruma haikuwa neno.

Baba alingoja. Alingoja kupita walii yeyote niliyewahi kumsikia. Macho yake hayakutoka kwenye midomo yangu, na nikaona anavyoyapepesa, kama anavyofanya akisoma maandishi madogo. Ami alitazama saa. Jirani alikohoa, akaona haya, akatazama chini. Nje mtoto alianza kulia, akazibwa mdomo.

Mwishowe baba aliinuka, akanyoosha kanzu yake kwa viganja. Alinigusa shavu kidogo kwa ule mkono wake usiokwisha harufu ya grisi hata aoshe vipi. Halafu akawageukia mashahidi.

"Amesema ndiyo," akasema.

Ami na jirani walikuwa wamesimama hatua chache tu kutoka kwangu, na masikio yao yalikuwa mazima. Wakasema alhamdulillahi, wakatangulia kwenda msikitini.